Bizimu la Kirumi na Furungu la Mama

Jamaa zangu, wiki iliyopita nilisimama mbele ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho la mji wetu hapa Uingereza, nikitazama bizimu la shaba lisilozidi urefu wa kidole gumba. Limeota kutu ya kijani na sindano yake imekatika. Aliyelipata si mtaalamu, bali mtu wa kawaida aliyekuwa akipita katika shamba lililolimwa, na chombo chake cha kutambua madini mkononi.

Majeshi ya Kirumi yalipoivamia nchi hii mwaka 43 Miladia, yalikuja na mabizimu ya namna hii. Yalifanya kazi kama pini ya mtandio: sindano hupenya joho, ikanaswa kwenye kishikizo chake, nalo joho likatulia begani. Juu ya baadhi yake limepigwa chapa jina AVCISSA, linalodhaniwa kuwa la fundi. Mwenye jina amekuwa vumbi, na jina lingali linasomeka.

Kilichonishika zaidi kilikuwa kile kikaratasi kilichowekwa kando yake, kinachotaja mahali lilipookotwa. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 humlazimu mtu kuripoti dhahabu na fedha ya kale. Bizimu moja la shaba kwa kawaida halimo. Hata hivyo, wengi hupeleka walichookota kwa hiari yao kwa maofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango unaosimamiwa na British Museum, kikapimwa, kikapigwa picha, na mahali pake pakaandikwa. Vitu vingi vikiandikwa hivyo, ramani huanza kuonyesha palipokuwa na njia, soko au kijiji. Pasipo mahali, hubaki kipande cha shaba tu.

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa furungu la fedha alilotuachia Mama. Alitoka nalo Unguja mwaka 1964, likapita Maskati hadi huku. Alikuwa akitusimulia habari zake, nasi tukiitikia "naam" huku macho yetu yako kwenye televisheni. Sasa kaka yangu asema lilikuwa la Bibi. Dada yangu ashikilia kuwa lilinunuliwa Maskati. Tumezaliwa tumbo moja, na hatuna jawabu moja. Bizimu lililozikwa karne kumi na tisa lina maandishi yake. Furungu ambalo halijatoka mikononi mwetu halina hata mstari.

Nikampigia simu mama mdogo aliyeko Maskati, wa mwisho katika rika lao. Akaniuliza, "Pembeni lina mbonyeo?" Nikalipapasa, upo. "Basi ndilo la Bibi yako. Nililiangusha mimi ngazini, nyumbani kwetu Malindi, nikiwa mtoto. Na yalikuwa mawili, mwanangu. La pili liliuzwa, ndiyo nauli yetu ya kuondokea."

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini lilikuwa moja, hali mafurungu huvaliwa miguu yote miwili.

Niliyaandika maneno yake usiku ule ule, pamoja na jina lake, tarehe, na nyumba ya Malindi, nikayaweka sandukuni. Nanyi, jamaa zangu, fungueni masanduku yenu na waulizeni wazee, maadamu wapo wa kuulizwa.