Risasi Ndogo, Ndovu Mkubwa

Watu wengi huamini kwamba ukubwa wa mnyama ndio upimao ukubwa wa risasi. Mwindaji W. D. M. Bell, mzaliwa wa Scotland, hakuamini hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alizunguka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akitafuta pembe. Wawindaji wengine wa zama zake walibeba bunduki nzito zenye mitutu miwili, na baadhi yake zilirusha risasi yenye uzito wa gramu 58. Yeye alipenda Mauser ya milimita 7, ambayo risasi yake ilibuniwa kwa ajili ya askari, na uzito wake ulikuwa gramu 11 tu. Hata hivyo, katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000.

Siri haikuwa uchawi. Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Fuvu hilo ni pana, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye vitundu kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe ni mdogo, nao umejificha nyuma. Risasi yenye ncha laini hutanuka, na huweza kuvunjika kabla ya kuufikia. Bell alichagua risasi ngumu, ndefu na nyembamba, iliyovikwa chuma, ipenyayo pasipo kupinda. Tena bunduki yake haikumpiga begani kwa nguvu, kwa hiyo mkono wake ulitulia.

Lakini aliyemwiga pasipo kuwa na shabaha yake alijitafutia mauti. Risasi ndogo ikikosa ubongo, ndovu huondoka na jeraha. Na mnyama aliyejeruhiwa hamwulizi mtu kosa lake. Alipaye deni huenda akawa mama aliyekwenda kuokota kuni. Ndiyo sababu sheria za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika huagiza bunduki isiyopungua .375, yaani milimita 9.5 hivi, kwa wanyama wakali.

Askari na polisi wanalo la kujifunza hapa. Silaha haina akili. Akili ni ya aishikaye. Walakini ujuzi nao hautoshi usipoongozwa na kiasi. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi, kwa kuwa ndovu wa Afrika walikuwa wakimalizwa. Mkono uliofunzwa kulenga sharti ufunzwe pia kujizuia.