Kutoka Obokote hadi ng'ambo ya Lualaba: tuangalie mafuta ya moteri kabla ya kuondoka



Juma hili nataka tutembee pamoja njia mnayoijua vizuri, ile ya kutoka Obokote na mzigo hadi masoko ya Kindu. Kila mara tunaipita tukihesabu magunia ya mchele, bidoni za mawese, watoto na franga za nauli. Leo tuipite tukihesabu moteri.

Kindu ni mji wa kando mbili. Mto Lualaba unapita katikati. Upande wa magharibi ziko komini za Kasuku na Mikelenge, pamoja na stesheni ya reli. Upande wa mashariki iko Alunguli. Mwenye kuvuka anapanda mtumbwi, boti au kivuko, na vyombo vingi kati ya hivyo vinasukumwa na moteri. Ukifika Alunguli, ndipo zinapoanza njia za kwenda Kalima na Kasongo, nazo zina pikipiki na motokari zenye kubeba watu kupita kiasi. Ukirudi Kasuku, reli inakwenda kusini kuelekea Kongolo na Kabalo. Ukishuka na mto kuelekea kaskazini, boti zinakwenda kama kilometa 300 hadi Ubundu. Huko maporomoko yanafunga njia ya maji, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilometa 125 kutoka Ubundu hadi Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906.

Basi tazameni: jimbo letu la Maniema linakula, linauza na kupeleka wagonjwa hospitali kwa nguvu ya moteri. Moteri zote hizo, ya pikipiki, ya boti na ya lori, zina hitaji moja ambalo halionekani kwa macho ya abiria: mafuta ya kulainisha. Sisemi petroli wala mazuti. Hayo dereva hawezi kuyasahau, kwa sababu yakiisha chombo kinasimama. Nasema yale mafuta mazito ya ndani. Yakipungua, chombo kinaendelea kutembea kana kwamba ni kizima, hadi siku kinapokufa.

Siku moja nilikuwa Alunguli nikingoja motokari ya Kalima. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda na walimsukuma dereva kwa maneno aondoke. Yeye, mzee wa makamo, hakujibu. Alisogeza motokari mahali tambarare, akazima moteri, akaketi kama dakika kumi. Kisha akamwomba mama mmoja kipande cha kitambaa, akafungua kifuniko cha mbele, akavuta kijiti kirefu cha chuma, akakipangusa, akakirudisha hadi mwisho, akakivuta tena na kukitazama kwenye mwanga. Nikamwuliza kwa nini anakitazama mara mbili. Akanijibu: «Mwalimu, mara ya kwanza kijiti kinakuonyesha mafuta yaliyorukaruka njiani. Mara ya pili kinakuambia kweli. Na huko katikati ya msitu hakuna fundi wa kuniambia kweli nyingine.»

Nilipenda maelezo yale, maana ni somo kamili. Ndani ya moteri vyuma vinazunguka na kusuguana maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta yanaingia katikati yao kama ngozi nyembamba, ili chuma kisiguse chuma. Yanabeba pia joto na uchafu. Yakipungua sana, pampu inaanza kuvuta hewa, vyuma vinapata moto, vinavimba, na mwisho vinashikana. Hapo hakuna tena kutengeneza kidogo. Ni kununua moteri nyingine.

Nalijua kundi moja la akina mama, wala sitalitaja, waliolimbikiza franga za likelemba kwa miaka miwili wakanunua pikipiki ya kubeba mihogo na, ikibidi, kumpeleka mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya. Walimpa kijana aiendeshe. Kila jioni walihesabu mapato pamoja naye, kwa uaminifu kabisa. Lakini mafuta ya moteri hayakuwa na mwenyewe: mama walidhani ni kazi ya motari, na motari alidhani fundi aliyaangalia. Baada ya miezi michache moteri ilikamatana katikati ya njia, ikiwa na magunia mawili juu. Miaka miwili ya akiba ilipotea kwa kukosa glasi chache za mafuta. Hakuna aliyeiba. Ni kazi tu iliyokosa mtu.

Kwa hiyo, mama, kijiti kile kinatuhusu sisi pia tusioshika usukani. Kukisoma hakuhitaji diploma. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, chombo kisimame mahali tambarare, si kwenye mteremko wa gati. Pili, moteri izimwe na mngoje dakika tano hadi kumi, mafuta yateremke chini. Tatu, vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisafi, kirudishe hadi mwisho, kivute tena. Utaona alama mbili. Ya chini inasema yamebaki machache, ya juu inasema inatosha. Mafuta yawe kati ya hizo mbili, afadhali karibu na ya juu.

Kwa pikipiki, isimame wima, isiegemee mguu wa pembeni. Katika nyingi, kijiti kimeunganishwa na kifuniko cha mafuta, na wakati wa kupima kinawekwa tu bila kukazwa. Lakini si zote, basi kitabu cha pikipiki yenu kisomwe. Nyingine zina kidirisha kidogo cha kioo pembeni. Kumbukeni hesabu hii: pikipiki ndogo ya 125 inabeba mafuta kama lita 1 tu. Ikipungua glasi moja ya robo lita, robo ya mafuta yote imekwisha kwenda.

Kama yamepungua, ongezeni kidogo kidogo, robo lita kwa mara moja. Ngojeni yashuke, pimeni tena. Katika motokari nyingi ndogo nafasi kati ya alama mbili ni kama lita 1, kwa hiyo asiyepima anaweza kupitisha upesi.

Hapa wengi wetu tunakosea kwa moyo mwema. Tunafikiri kama chakula cha mtoto: kuzidisha kidogo ni upendo. Moteri haiko hivyo. Mafuta yakizidi alama ya juu, vyuma vinavyozunguka chini vinayapiga kama mtu anayepiga mayai, yanakuwa povu, na povu halilainishi. Tena yanatafuta pa kutokea, yanaharibu mipira ya kuzuia, yanatoka moshi wa buluu. Yakizidi, fundi afungue kizibo cha chini apunguze, au ayavute juu kwa bomba la sindano lenye mpira mrefu. Kisha mpime tena.

Kijiti kinasema na mambo mengine. Mafuta yenye rangi ya kahawa ya maziwa yanaonyesha kwamba maji yameingia. Msiwashe, itwe fundi. Yakinuka petroli, petroli inapita mahali pasipo pake. Lakini mafuta meusi kwenye lori la mazuti si lazima yawe mabaya, kwa kuwa huwa meusi upesi. Na taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta ikiwaka njiani, dereva asimame na azime hapohapo. Taa ile inapima nguvu ya msukumo wa mafuta, haipimi kiasi chake. Inapowaka, hatari imekwisha kufika. Asiseme tufike kwanza kijijini.

Sokoni, nunueni chupa iliyofungwa na kizibo chake kizima. Maandishi kama 15W-40 yanaeleza uzito: namba iliyo mbele ya W ni ya wakati wa baridi, ile ya nyuma ni ya wakati moteri imepata moto. Pikipiki nyingi zinahitaji mafuta yaliyoandikwa JASO MA, kwa sababu mafuta hayohayo yanaogesha pia diski za klachi. Chagueni yale ambayo kitabu kinataja.

Sasa neno la mama kwa mama. Mafuta machafu yanayotolewa yasimwagwe Lualaba wala karibu na kisima. Maji yale tunapikia na kuogea watoto. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda, maana mtoto hajui kusoma rangi. Yasipakwe kwenye kidonda wala kwenye ngozi. Wekeni bidoni moja yenye alama, mbali na jiko, mpatie fundi anayejua pa kuyapeleka.

Kwa makundi yenye pikipiki, boti au motokari ya pamoja, napendekeza mambo manne. Chagueni mama mmoja wa mafuta, na mwingine wa kumsaidia. Wawe na kitambaa, daftari, na lita 1 ya akiba sandukuni. Wapime pamoja na dereva kila Jumatatu, na kila asubuhi kabla ya safari ndefu. Waandike tarehe, kiasi kilichoonekana, kiasi kilichoongezwa. Daftari likionyesha kwamba mnaongeza kila juma, moteri inavuja au inakula mafuta, na mtaijua shida hiyo ikiwa bado ndogo, kabla akiba ya likelemba haijaenda nayo.

Na sisi abiria tuvumilie. Siku dereva akiomba dakika kumi za kupima mafuta pale Alunguli, tusimpigie kelele. Tumpe kitambaa.