Simile!

Wahenga walisema, tembea uone. Sisi tulizaliwa Chula, kisiwa kidogo cha Wabajuni kusini ya Kismayo, na utotoni mwetu hatukupata kuona gari hata moja kisiwani humo. Njia zetu zilikuwa za mchanga, na safari yetu ilikuwa ya mashua. Hata hivyo, somo tulilolipata ukubwani katika maonyesho ya magari ya kale tulikuwa tumekwisha kufundishwa ufukweni kwetu, ila tulilisahau.

Chombo kilipokuwa kikishuliwa baharini, wazee walitufukuza watoto mbali na magadi na magogo. Chombo kizito kikishaanza kuteleza, hakuna mkono wa mtu uwezao kukizuia. Kabla ya gadi la mwisho kuondolewa, mzee mmoja alipaaza sauti, "Simile!" Mtoto aliyezubaa baada ya neno hilo alichapwa, wala hapakuwa na wa kumwonea huruma.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, jamaa zetu wengi walivihama visiwa na kuingia Kenya kwa mashua, nasi tulikuwa miongoni mwao. Tukasoma Mombasa, tukapata stashahada ya ualimu, na hadi leo kazi yetu ni kufundisha Kiswahili.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, tulifuatana na shangazi yetu hadi uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kutazama mashindano yaitwayo Concours d'Elegance. Mashindano hayo, ambayo chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kiliyaanzisha mwaka 1970, si ya mbio, bali ni ya utunzaji. Waamuzi hulikagua kila gari nje na ndani, hata injini yake, na mwenyewe hutokwa na jasho kama mwanafunzi aliye mbele ya mtahini.

Tuliiona Peugeot 404 iliyong'arishwa ikawa kama kioo. Gari la namna hiyo ndilo lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Shangazi hakuyajali hayo. Alichopenda ni jinsi mzee mmoja alivyokuwa akilipangusa gari lake kwa kitambaa, polepole. "Huyu," akasema, "analiangalia gari lake kama marehemu babako alivyokuwa akiiangalia mashua yake."

Hapo ndipo ualimu wetu ulipotupanda kichwani. Tukaanza kumweleza shangazi kwamba gari limeazima maneno yake baharini. Usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari. Kuegesha kulikuwa kukileta chombo kando ya gati au ya chombo kingine, kabla dereva yeyote hajaegesha gari lake mjini. Abiria na shehena ni maneno ya bandarini. Tulisema mengi, na katika kusema huko tukaivuka kamba iliyotenga watazamaji na magari, ili tumwonyeshe usukani kwa karibu. Kosa hilo lilikuwa letu peke yetu.

Nyuma ya shangazi palikuwa na gari jingine. Likaanza kurudi nyuma, taratibu, ili litoke katika safu yake. Msimamizi aliliona, akapiga ukelele kwa Kiingereza, mara ya kwanza na ya pili. Shangazi hajui Kiingereza. Alidhani watu wanaitana, naye akaendelea kuuchungulia usukani. Nasi tulifungua kinywa, na katika maneno yote tuliyoyasomea, hatukupata hata moja. Kisha likatoka lile la ufukweni: "Simile, shangazi! Simile!"

Shangazi aliruka kando kabla hajageuka kutazama. Gari likapita mahali aliposimama, na dereva wake, aliyekuwa hamwoni, hakujua lolote.

Tulimwomba msimamizi radhi, tukarudi nyuma ya kamba, tukakaa kimya kwa muda. Shangazi ndiye aliyeanza kusema. "Mwanangu, mashua huchorwa macho mbele. Haichorwi nyuma."

Basi tunawaandikia walimu wenzetu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya wale wawapelekao wanafunzi kwenye maonyesho kama hayo. Kamba iheshimiwe. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari ambalo injini yake inanguruma. Mtoto asiguse kitu bila idhini, kwani bomba la moshi huunguza hata baada ya injini kuzimwa, na kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kabla ya kupoa, maji ya moto huruka usoni. Magari mengine ya zamani huwashwa kwa kuzungushwa mkono wa chuma, na mkono huo ukirudi kwa nguvu huweza kumvunja mtu kifundo. Gari la kale, hata likipendeza namna gani, ni chuma kizito chenye breki za zamani.

Sababu ya pili ni ya darasani. Twawafundisha wanafunzi usukani, breki na gurudumu, tukadhani kwamba aliyelijua jina amekijua kitu. Siku ile sisi tuliyajua majina yote, na nusura tumpoteze shangazi yetu. Maneno ya kuonyana, kama simile, jihadhari, sogea na simama, aghalabu hatuyatungii zoezi wala mtihani. Lakini haitoshi mwanafunzi kuyaandika maneno hayo bila kosa. Hana budi kuyazoea hata mwili wake uyatii kabla akili haijauliza.

Tangu siku ile, somo letu la kwanza kwa kila darasa jipya ni "Simile!" Wanafunzi hucheka, kisha huruka kando.