Amri ya Rula: Kazi Yangu ya Kuchonga Ndege za Kivita

Maisha yangu ya kazi yamepita nikichonga ndege za kivita kwa mbao, zile za kuwekwa juu ya meza ya ofisi au kwenye kabati la sebuleni. Hoja ninayotaka kuiandika kutokana na kazi hiyo ni moja tu. Ndege ya mbao huhukumiwa kwa umbo lake zima, si kwa wingi wa vitu vidogo vilivyobandikwa juu yake. Kwa hiyo mchongaji ana haki, tena ana wajibu, wa kuikaidi rula pale rula inapoharibu umbo. Najua hoja hii huwaudhi watu wa vipimo. Hao ndio wateja wangu bora, kwa kuwa hawabishani bei, kwa hiyo nawajibu kwa heshima.

Historia iko upande wangu. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege za mbao 500,000 kwa kipimo cha 1/72, zote zipakwe rangi nyeusi. Hazikuwa mapambo. Zilitumika kuwafundisha wapiga mizinga na walinzi wa anga kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui, kwani ndege ya kipimo hicho ikitazamwa kutoka mita 10 huonekana sawa na ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Hazikuwa na rangi za kikosi wala namba ubavuni. Roho za watu ziliwekwa mikononi mwa umbo peke yake, na aliyekosea umbo alimpiga ndugu yake. Mtu wa vipimo atanikumbusha kwamba huko Langley, Virginia, wahandisi walipima mwendo wa hewa kwa ndege ndogo za mahogani zilizochongwa kwa usahihi mkubwa. Ni kweli. Lakini zile zilitengenezwa zijibu swali la upepo, na zangu zinajibu swali la jicho.

Mbao nayo ina sheria zake. Chukua F-5E, ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeirusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ina urefu wa mita 14.45 na mabawa yake yanafika mita 8.13; kwa kipimo cha 1/32 hiyo ni sentimita 45 kwa 25, saizi nzuri ya meza. Urefu na upana huo naufuata bila ubishi, kwa sababu ndio unaoijenga sura ya ndege: kiuno chembamba, pua ndefu, bawa fupi. Matata yako kwenye unene wa bawa, usiofika hata asilimia 5 ya kina chake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ukiufuata, ncha ya bawa inabaki ganda la mbao linalokatika kwa kitambaa cha kufutia vumbi. F-104 ya Marekani ni mbaya zaidi: ukingo wa mbele wa bawa lake una unene wa kama nusu milimita kwenye ndege halisi, hivyo kwa 1/32 unatakiwa uwe mwembamba kuliko unywele. Hapo nanenepesha bawa, kisha nauteremsha mteremko wa ukingo kwa tupa na msasa mpaka kivuli kiangukie panapostahili. Jicho husoma wembamba kutokana na kivuli, halina haja ya kupima. Kuhusu nyuzi za mbao, hapo sikaidi chochote. Mbao hunywea na kuvimba kwa upana, kwa urefu karibu haisogei, na hupasuka kufuata nyuzi. Ndiyo maana bawa hukatwa peke yake, nyuzi zikielekea nchani, kisha hupachikwa kwenye kiwiliwili kwa vijiti na gundi. Anayejisifu kwamba amechonga ndege nzima katika gogo moja anasifia mabawa yatakayovunjika.

Pingamizi zito zaidi ni la plastiki, na sasa mashine za kuchapa maumbo, zinazotoa kila mshono wa bati. Sishindani nazo. Ila tazama Pampanga, Ufilipino, ambako uchongaji wa ndege za meza ulikua kando ya kambi ya Clark ya Wamarekani. Mwaka 1991 mlima Pinatubo ulilipuka, Wamarekani wakaondoka mwaka huo huo. Wanajeshi waliokuwa wateja wa mlangoni walitoweka, na plastiki ilikuwa imejaa madukani zamani, lakini kazi haikufa. Ndege za mahogani zinaendelea kuuzwa ng'ambo kutoka huko. Rubani anayestaafu hakosi picha za mishono. Anatafuta kitu kizito cha kushika, chenye mkunjo alioutazama kila alipokuwa akitembea kuiendea ndege yake.

Wapo wanaoniambia kwamba napamba silaha. Mkenya anayekumbuka Agosti 1, 1982, jaribio la mapinduzi lilipotoka ndani ya jeshi la anga lenyewe, ana sababu ya kutoipenda ndege ya kivita mezani, na sina jibu la kumnyamazisha. Mimi situndiki mabomu wala makombora chini ya mabawa, hata mteja akiongeza fedha, kwa sababu yanaficha mstari wa tumbo. Hiyo ni sababu ya fundi, wala siigeuzi kuwa ya mtu wa amani. Ndege ile ilibuniwa iue. Umbo lake ni zuri. Yote mawili ni kweli.

Wewe unayetaka kununua, iweke ndege mwisho wa chumba uitazame ukiwa mlangoni. Ukiitambua ni aina gani kabla ya kusoma kibati, isogelee, ugeuze bawa uangalie nyuzi zinaelekea wapi. Zikielekea mkiani badala ya nchani, usilipe.