Fukwe za Barbados: Mzazi, tazama upepo kabla ya kutazama picha

Mzazi akitafuta fukwe za Barbados kwenye simu, hachelewi kukutana na picha ya Bathsheba: miamba mikubwa imesimama ndani ya maji kama uyoga, povu jeupe limeizunguka, na vilima vya kijani viko nyuma. Nyingine itakuwa ya Bottom Bay, yenye minazi mirefu na mchanga mweupe kati ya majabali. Ni fukwe nzuri kweli. Lakini zote mbili si mahali pa kumwachia mtoto aogelee.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea kupanga likizo ya kisiwani. Ufukwe huchaguliwa kwa rangi ya maji na uzuri wa picha, halafu hoteli hulipiwa jirani yake. Watoto wakifika wanakuta mawimbi yanayomwangusha hata mtu mzima. Wiki nzima inapita kwa kuwazuia, na wakishachoka kuzuiwa, wanatoroka.

Suala hili si la starehe pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, lakini kwa mtoto mdogo methali hii inaweza kumdanganya mzazi. Mara nyingi mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi ya kuita haipo, na ndani ya dakika moja au mbili amekwisha kuzama kimyakimya, watu wakiwa pembeni.

Kwa familia inayokwenda Barbados, iwe inatoka Nairobi au Dar es Salaam, au ni ya wale wanaoishi London na Toronto ambako kisiwa hicho ni safari ya ndege moja, swali la kwanza lisiwe ufukwe upi ni mzuri. Liwe: uko upande gani wa kisiwa?

Kisiwa kimoja, bahari mbili

Barbados ni kisiwa kidogo, urefu wake ni kilomita 34 na upana kilomita 23, takribani robo ya ukubwa wa Unguja. Kipo pembeni kabisa mwa visiwa vya Karibi, upande wa mashariki, kimeikabili Atlantiki peke yake.

Aliyekulia mwambao wa Afrika Mashariki amezoea upepo unaobadilika: kaskazi ikiisha, kusi inaingia. Barbados si hivyo. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, pwani ya mashariki hupokea mawimbi yaliyosafiri maelfu ya kilomita kutoka upande wa Afrika bila kukutana na nchi kavu njiani. Pwani ya magharibi imejificha nyuma ya kisiwa, kama mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta upepo usimpate. Pwani ya kusini iko katikati ya hizo mbili.

Jambo jingine la kusahau ni maji kupwa na kujaa kwa namna ya Mombasa au Zanzibar, ambako wakati wa bamvua tofauti hupita mita tatu na watoto hutembea mbali wakiokota makombe. Barbados tofauti hiyo haifiki hata mita moja na nusu. Maji hayaondoki yakakuachia uwanja wa kuchezea. Ufukwe ukiwa na kina karibu na mchanga, kina hicho kipo asubuhi na jioni.

Magharibi: kwa wanaoanza

Mwenye mtoto wa chini ya miaka sita aanzie magharibi na kusini magharibi. Carlisle Bay, karibu kabisa na mji mkuu wa Bridgetown, ni ghuba pana yenye maji matulivu na mchanga laini. Familia inayoamka mapema inaweza kwenda sehemu iitwayo Pebbles Beach alfajiri, ambako farasi wa mbio kutoka uwanja wa Garrison huletwa kuogeshwa baharini. Kwa mtoto, farasi anayeogelea ni kumbukumbu ya miaka mingi, na haihitaji kiingilio.

Kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo kuna Paynes Bay na Mullins. Karibu na mji wa Holetown ipo hifadhi ya bahari ya Folkestone, ambako mtoto mkubwa anayejua kuogelea anaweza kuvaa miwani ya maji na kutazama samaki wa kwenye matumbawe. Hapo viatu vya maji ni muhimu, kwa sababu penye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukivunjikia kwenye unyayo likizo imeharibika.

Utulivu wa magharibi usichukuliwe kuwa ahadi. Kati ya Desemba na Machi, dhoruba za mbali huko kaskazini mwa Atlantiki huweza kuleta mawimbi makubwa upande huo kwa siku kadhaa. Siku hizo, ufukwe uliokuwa kama bwawa jana unageuka.

Kusini: kwa waliokwisha kuzoea maji

Pwani ya kusini ina mawimbi ya kiasi, ambayo watoto wa miaka minane kwenda juu huyafurahia. Ufukwe wa Rockley, ambao wenyeji huuita Accra, una vyoo, vyakula na njia ya kutembelea kandokando ya bahari inayofika hadi Hastings. Mama mwenye kigari cha mtoto anaweza kuitembea jioni bila kuhangaika na mchanga. Jirani yake, huko Worthing, kuna sehemu ambapo mwamba umekinga maji yakawa haba na tulivu, panapofaa hata wadogo.

Mbele zaidi, karibu na Oistins, kuna ufukwe wa Enterprise ambao watu wengi huuita Miami Beach. Una pande mbili: mmoja maji yametulia, mwingine yana mawimbi. Ni mahali panapofaa familia yenye watoto wa umri tofauti, ilimradi kila upande uwe na mtu mzima wake. Ijumaa jioni familia inaweza kuishia Oistins kula samaki wa kuchoma, penye muziki na watu wengi.

Silver Sands, kwenye ncha ya kusini, ni pa wanaopaa juu ya maji kwa tiara kubwa. Ni pazuri kwa kutazama. Upepo unaowafurahisha wao ndio unaomsukuma mtoto aliyekalia boya la plastiki hadi mbali na pwani.

Mashariki: kwa macho na chakula

Ukivuka kisiwa kwa gari, ndani ya muda usiofika saa moja na nusu uko Bathsheba. Hapo mawimbi huwaleta wateleza-mawimbi mahiri kutoka nchi mbalimbali. Familia iende, ipige picha, ile chakula cha mchana, watoto wacheze kwenye nyasi na mchangani mbali na maji. Cattlewash, jirani yake, ni ufukwe mrefu mtupu unaovutia kwa matembezi, na mikondo yake ni ya hatari.

Kama watoto wanalilia kuingia majini upande huo, Bath, kusini mwa Bathsheba, ina mwamba unaopunguza nguvu ya mawimbi, na familia za wenyeji huenda huko kula pamoja mwishoni mwa wiki. Hata hivyo bahari hutazamwa kwanza. Crane, upande wa kusini mashariki, inasifika kwa mchanga wenye wekundu wa mbali, lakini mawimbi yake ni ya vijana wanaojua kuogelea vizuri, si ya watoto wa shule ya awali.

Penye mawimbi makubwa, adui mkubwa ni mkondo wa maji unaorudi baharini. Maji yaliyoletwa na mawimbi hutafuta njia ya kurudi, yakipata upenyo hukimbia kama mto. Kwa macho, sehemu hiyo huonekana tulivu kuliko pembeni, haina povu, na mara nyingi ni nyeusi kidogo. Mzazi asiyejua ndiyo atakayomchagulia mtoto. Aliyenaswa asishindane na mkondo kurudi moja kwa moja pwani. Aelee, atulize pumzi, aogelee kwa kufuata ufuo hadi atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa hili mchangani, kwa kuchora kwa kijiti.

Mti usioguswa na mwani unaonuka

Nyuma ya fukwe kadhaa, hasa magharibi, huota mti uitwao manchineel. Matunda yake ni madogo, ya kijani, yanafanana na tofaa changa na yana harufu nzuri. Yakiliwa huunguza mdomo na koo. Utomvu wake mweupe hutoa malengelenge kwenye ngozi na huumiza macho. Mtoto aliyezoea kukimbilia chini ya mkungu mvua ikinyesha anapaswa kuambiwa mapema kwamba huko si hivyo: matone ya mvua yanayopita kwenye majani ya mti huu yanatosha kuunguza. Miti mingi imewekwa alama nyekundu kwenye shina au kibao cha onyo. Usipoona alama na huujui mti, tafuta kivuli kingine.

Tangu mwaka 2011, visiwa vya Karibi vimekuwa vikipokea mwani wa kahawia uitwao sargassum, unaoelea kwa marundo. Mara nyingi huja kwa wingi kati ya Machi na Agosti, na Barbados hupiga zaidi mashariki na kusini. Ukiwa mbichi baharini hauna shida kubwa. Ukilundikana mchangani na kuoza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, inayokera macho na kifua. Mwenye mtoto wa pumu asikae karibu na rundo hilo. Ahamie magharibi siku hiyo, na dawa ya kuvuta iwe mkobani.

Jua, karatasi na nguo

Barbados iko nyuzi 13 kaskazini mwa ikweta, na jua lake ni kali hata upepo unapomfanya mtu asilihisi. Ngozi nyeusi hupunguza madhara, haiyaondoi. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ni muda wa kivuli, kofia na maji ya kunywa. Mchanga wa miezi isiyofika sita asiwekwe juani kabisa. Mtoto mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu, kofia pana, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua inayopakwa tena kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Mbu wanaoeneza dengue huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka isisubiri jioni.

Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, ikiwamo Kenya na Uganda, huhitaji cheti cha chanjo, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Nguo zenye madoa kama ya jeshi ziachwe nyumbani, hata kaptura ya mtoto, kwani sheria ya Barbados inakataza raia kuzivaa.

Fukwe zote ni za umma, hata zilizo mbele ya hoteli za kifahari. Njia za kupita kwenda majini zipo kati ya majengo. Hii ina maana familia inaweza kulala kwenye nyumba ya bei nafuu kusini na kuogelea magharibi, kwa basi au kwa vile vibasi vidogo viitwavyo ZR, ambavyo mtu wa daladala au matatu atavielewa mara moja kwa muziki na mwendo wake.

Mkifika ufukweni

Kabla ya kuvua viatu, simameni dakika kumi mkitazama maji. Chagueni ufukwe wenye waokoaji, ulizeni saa zao za kazi, na kaeni karibu na kibanda chao. Bendera nyekundu ikipepea, hakuna kuingia majini, hata kama wengine wameingia. Pasipo na mwokoaji wala bendera, muulizeni mvuvi au muuzaji wa madafu. Huyo anaijua bahari yake.

Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wa mtu mzima muda wote, hata maji yakiwa ya magotini. Maboya ya kujaza upepo ya mkononi ni vitu vya kuchezea, hayaokoi maisha. Wazazi wapeane zamu kwa kutamka, "Sasa ni wewe," kila dakika 20, na aliye zamu asiwe na simu mkononi. Watu wazima wanane wakiwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Mtoto aliyemeza maji mengi, kisha akaendelea kukohoa, kupumua kwa shida au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nambari ya gari la wagonjwa Barbados ni 511. Iandikwe kwenye simu kabla ya kuondoka hotelini, ndipo simu iingie mkobani.