Chombo Hakimsomei Mwanafunzi

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Dar es Salaam kuna mjadala usiokwisha. Mtoto aliyechaguliwa kuingia chuoni huomba anunuliwe simu ya kisasa, naye mzazi hujiuliza kama fedha hizo zitakwenda katika masomo au katika upuuzi. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu. Simu ninayosomea ilinunuliwa kwa akiba ya mama yangu, ambaye huuza chapati na maharage alfajiri, na baada ya muda si mrefu nitakabidhiwa darasa lenye watoto wenye simu na wasio nazo. Kwa sababu hizo mbili jambo hili limenishughulisha sana, nami naomba nafasi ya kueleza niliyoyaona.

Kwanza, tusidhani kwamba mitambo imeingia katika elimu yetu jana. Wazee wetu walijifunza kwa redio. Mwaka 1973 ulifanyika mpango wa elimu ya afya ulioitwa "Mtu ni Afya", na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio zilikuwa chache wakati huo, hivyo watu walikusanyika katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na vitabu vidogo viliandikwa kwa lugha nyepesi. Kwa muda wa majuma 12 wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri kuhusu kazi ya kufanya. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba na kufukia madimbwi yaliyokuwa mazalio ya mbu.

Nilipojifunza habari hizi katika somo la historia ya elimu, nilistaajabia mpangilio wake kuliko redio yenyewe. Kipindi kilikwisha baada ya muda mfupi, na kazi yote iliyofuata ilikuwa ya watu: kuuliza, kubishana, kukubaliana na kushika jembe. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

MANUFAA YAPO

Sisemi haya ili kuibeza simu. Tangu mwaka 2009, mkongo wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, milango mingi imefunguka. Vitabu vya shule vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinaweza kusomwa kwenye mtandao bila malipo. Mfanyakazi anayesoma Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, aweza kupata masomo yake bila kuacha kazi. Mimi mwenyewe nilikariri tangu sekondari kwamba moyo una vyumba vinne na vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Lakini siku nilipotazama picha za mwendo zikionyesha vilango hivyo vikifunguka na kufunga, nilielewa kwa dakika tano jambo ambalo mchoro wa ubaoni ulikuwa umenificha kwa miaka.

Hata hivyo, mlango ukifunguliwa si wote wanaoingia. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya UVIKO-19, na zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Nilikuwa kidato cha tatu. Masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, na katika nyumba tuliyopanga, yenye familia sita, televisheni ilikuwa moja. Watoto tulibanana mbele yake. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alikuwa amepelekwa kwa bibi yake, kijijini kusikokuwa na umeme. Aliporudi alikuwa amekaa zaidi ya miezi mitatu bila somo. Mwaka uliofuata tuliketi katika chumba kimoja, tukapewa karatasi moja ya mtihani, na hakuna aliyemuuliza alisomea wapi.

Jambo hilo halijakwisha. Chuoni kwetu kazi za masomo hutumwa usiku kwenye simu. Mwenzetu mmoja anatumia simu ya kitochi, ile isiyopokea kitu zaidi ya sauti na ujumbe mfupi. Yeye hupata habari asubuhi, kwa hisani ya atakayemkumbuka. Wengine nao wana simu nzuri lakini hawana bando, na mwisho wa mwezi, fedha za kujikimu zinapokwisha, simu hizo hubaki kuwa saa na tochi.

MASHINE INAYOJIBU KILA KITU

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, mjadala umechukua sura nyingine. Hii ni programu ya akili mnemba. Ukiiuliza swali, hukujibu kwa insha kamili, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Hapana budi mzazi ajue inavyofanya kazi. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno ili ikisie neno lipi lifuate baada ya jingine. Kwa sababu hiyo yaweza kusema la kweli na la uongo kwa sauti ile ile ya uhakika. Katika kikundi chetu cha watu watano tuliijaribu. Tuliitaka itutajie vitabu vya Kiswahili kuhusu Elimu ya Kujitegemea. Ilitutajia vitabu vitatu, pamoja na waandishi na miaka ya kuchapishwa. Tulimwendea mkutubi, tukatafuta naye maktabani na mtandaoni. Kimoja tulikipata. Viwili havikuonekana popote.

Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi huja mashine inapojibu sawasawa. Mwaka jana mwenzangu mmoja alipeleka kwa mkufunzi maelezo mazuri sana ya namna ya kufundisha namba hasi, yaliyoandikwa na mashine. Alipata alama za juu. Tulipokwenda katika mazoezi ya kufundisha, tulipangwa shule moja, yenye darasa la wanafunzi zaidi ya 80. Mtoto mmoja wa kike alinyoosha mkono, akamuuliza: "Mwalimu, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya?" Mwenzangu alijibu kwamba hiyo ndiyo kanuni. Mtoto akauliza tena kwa nini. Chaki ikabaki mkononi, darasa likaanza kunong'ona, naye akahamia swali jingine. Yule mtoto aliinamisha kichwa, akafunga daftari lake.

Jioni tuliketi wawili na kalamu ya risasi, simu tukaziweka kando. Tulianza na mambo ya dukani. Ukiwa na deni la shilingi 1,000, umepungukiwa shilingi 1,000. Mwenye duka akikufutia madeni matatu ya namna hiyo, amekuondolea upungufu mara tatu. Hali yako imekuwa bora kwa shilingi 3,000, kana kwamba umepewa fedha mkononi. Kuondoa ni hasi, deni ni hasi, na matokeo yake ni chanya. Haikutuchukua saa nzima. Kesho yake mwenzangu alimwita yule mtoto ubaoni, wakafuta madeni pamoja, na darasa zima likaelewa.

Maelezo hayo hata mashine ingeweza kuyatoa, tena kwa nukta chache. Lakini yasingekuwa kichwani mwa mwalimu saa ile mtoto aliponyoosha mkono. Ndugu msomaji, mwalimu huyo ndiye atakayemfundisha mwanao, na muuguzi aliyepata cheti kwa njia hiyo ndiye atakayempima dawa. Ndiyo maana nasema kwamba hili si jambo la wanachuo peke yao.

FUNZO LA KARAKANA

Baba yangu ni mkereza vyuma kiwandani. Akiletewa kijana wa kujifunza kazi, hamruhusu kugusa mashine juma la kwanza. Humpa tupa, kipande cha chuma na kifaa cha kupimia, akamwagiza akisugue kwa mkono mpaka kipate kipimo alichoambiwa. Vijana hulalamika kwamba mashine ingeimaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Baba huwajibu kwamba mashine humharakishia kazi anayejua, na asiyejua humharakishia uharibifu. Mkono uliokwisha kuijua nusu milimita ndio unaotambua mashine inapokosea.

Nami naona elimu yetu ingefuata utaratibu huo huo. Mwanafunzi na aanze kwa karatasi na kalamu, ajaribu, akwame, ajaribu tena. Kisha aiulize mashine, na jibu lake alipime kwa kile alichokwisha kukifikiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakuna chombo kinachoweza kukufanyia.

Kwa wazazi ninayo maombi matatu. La kwanza, ukimnunulia mwanao simu, mtake akueleze kila juma jambo moja alilojifunza, kwa Kiswahili cha nyumbani. Si lazima wewe uwe umesoma somo hilo. Akishindwa kukueleza wewe, basi ameliona tu, hajalielewa. La pili, usiku simu ilale chumbani kwa wazazi, ili mtoto naye apate kulala. La tatu, kumbukeni vikundi vya redio. Simu moja ikiwekwa mezani, watoto wanne wa majirani wakaizunguka na madaftari yao, wakasoma na kubishana, italeta faida kuliko simu nne zilizojifungia vyumba vinne. Na yule mtoto ambaye kwao hakuna kitu atakuwa amepata nafasi pale mezani.

Kwa wakufunzi na walimu wetu ombi langu ni dogo: kazi inayotumwa kwenye simu ibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo, na mwanafunzi aliyeandika insha nzuri aitwe aieleze kwa mdomo.

Leo ni Jumapili, nawe pengine uko nyumbani. Mwite mwanao, mwombe aweke simu chini kwa robo saa, umpe karatasi, umwambie akufundishe jambo moja. Msikilize mpaka mwisho, na akikwama usimkemee. Mwache atafute.