Lami ya Chini

Tanga, Ijumaa, 7 Julai 2023

Saba Saba. Geti la gereji limefungwa ila nyuma kazi ya kuondoa lami chini ya gari imeendelea. Bodi ya Peugeot 404 imelazwa ubavu juu ya matairi mabovu, chini yote iko wazi mbele yetu. Afadhali hivi kuliko kulala mkekani na lami ikudondokee machoni.

Injini, giaboksi na difu vilishatoka. Tangi la petroli fundi alitaka libaki, “maana ni tupu, mwalimu.” Nimekataa. Tangi tupu limejaa mvuke, na kinacholipuka ni mvuke. Tunakwenda kupitisha moto hapo. Likatolewa, likapelekwa mbali, kule kwenye mwembe.

Nilichokiona leo: lami iko matabaka mawili. La ndani ni jembamba, limelala sawasawa, ni la kiwandani. La juu ni nene kama kidole, limepakwa kwa brashi na mtu mwenye haraka, limefunika hata nati za springi. Nimelibandua kipande kwa bisibisi. Kati ya matabaka hayo kuna udongo mwekundu. Alipaka lami juu ya matope makavu! Huu si udongo wa mjini hapa; gari limewahi kukaa milimani, Lushoto au Soni.

Jumapili, 9 Julai

Majaribio kwenye sehemu ndogo, chini ya kiti cha nyuma.

Grainda na brashi ya waya: lami inapata joto la msuguano, inayeyuka, inapakaa upya pale ilipotoka, na brashi inajaa. Waya nazo zinaruka kama hazina mwenyewe. Nimeisimamisha kwa sababu nyingine pia. Baadhi ya lami za miaka ile zilichanganywa nyuzi za asbesto, na kwa macho huwezi kuzitambua. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Kijana wa fundi alikuwa amejifunga kitambaa puani, akidhani kinatosha. Hapa hatusagi kikavu tena.

Kupuliza mchanga sikutaka hata kujaribu. Mchanga unadunda juu ya kitu laini, kisha ukifika kwenye bati tupu unalipinda. Moto wa gesi fundi anaupenda kwa kuwa ni wa haraka: lami inawaka, moshi mweusi mtaa mzima, na inayobaki inageuka mkaa ulioganda kwenye bati. Utaukwangua mpaka uchoke.

Kilichoshinda ni mashine ya hewa moto tuliyoazima kwa kijana anayebandika tinti za vioo. Isikae mahali pamoja, itembee. Lami ikianza kung'aa, inatosha; ikifuka moshi, umezidisha. Ikipashwa vizuri inalegea kama halua na kisu cha putti kinaikusanya bila kulazimisha. Pembe za kisu tumezisugua kwa tupa zisichimbe bati. Utando unaobaki unafutwa kwa tambara la mafuta ya taa. Mashine izimwe kwanza, ipoe, ndipo mafuta ya taa yafunguliwe. Petroli haina nafasi katika kazi hii.

Jumatano, 12 Julai

Leo nimeelewa gari hili limeliwa na nini.

Zile boksi za bati chini ya milango zina matundu madogo upande wa chini. Maji yanayopenya kwenye milango na vioo hushukia humo, na kiwanda kiliacha matundu ili yatoke. Upande wa kulia yote yamezibwa na ile lami nene. Tulipopasha joto na kuzibua la kwanza, maji yalitoka. Maji ya masika, na sasa ni Julai! Yalikuwa ya rangi ya chai, na nyuma yake yakafuata magamba ya kutu.

Bati hilo kwa nje lilikuwa jeusi, zuri, limenenepa kwa lami. Kidole changu kimelitoboa.

Upande wa kushoto aliyepaka alisahau matundu mawili, ama brashi haikufika. Boksi la kushoto ni zima. Uzembe wake umeokoa nusu ya gari.

Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu kwa ule udongo. Tope lililofunikwa linakula bati polepole, naam, lakini kilichomaliza kazi ni matundu. Nilikuwa nikiwasikia mafundi wakisema magari ya Pwani yanaoza kwa chumvi ya bahari. Chumvi imo, siikatai. Lakini chumvi ni ileile kushoto na kulia.

Jumamosi, 15 Julai

Nimebishana na fundi, kwa heshima, ila tumebishana.

Yeye: “Mwalimu, tukianza tumalize. Itoke yote, bati libaki jeupe.” Ana sababu: mteja akiona bati jeupe anaamini kazi imefanyika.

Mimi: tabaka la kiwandani likiwa limeshika, libaki. Tumeligonga kwa mpini wa bisibisi. Palipoachia panatoa sauti ya uwazi. Palipo pazima sauti ni nzito. Kisha ncha ya kisu pembeni: ikiinuka na chini kuna wekundu, toa mpaka ukutane na bati safi. Ikigoma, na ile praima ya zamani inaonekana bila doa, mwachie aliyeiweka. Hakuna gereji hapa mjini itakayoirudisha kwa ubora ule.

Tumekubaliana pia kuhusu viungo. Ile gundi ngumu iliyoziba maungio ya mabati inafanana na lami lakini si lami, na kijana alikwishaanza kuichimba. Ikitoka, maji yanaingia katikati ya mabati mawili ambako brashi haifiki milele. Panapochimbwa pazibwe upya kabla ya rangi.

Jumapili, 16 Julai

Barazani, kahawa. Wazee wamenikumbusha, kama kila mara, Safari Rally: 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili ya katikati ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na Chris Rothwell. Ile ya 1963 na ya 1968 ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na kila mara magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kwa sababu ya matope. “Chuma kile!” wanasema.

Sibishi. Ila gari la mashindano huoshwa chini na kukaguliwa kila likirudi. Haya yetu yaliletwa na sifa ile ile, kisha yakapakwa lami juu ya tope.

Jumatatu, 17 Julai

Binamu yangu wa Maskati amenipigia. Kwao huko anatumia barafu kavu, ile ya nyuzi 78 chini ya sifuri: anaimwaga, anasubiri kidogo, anagonga kwa nyundo na lami inapasuka vipandevipande. Inafaa ndani, kwenye zile karatasi nene za lami zilizobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Chini ya gari haikai, inadondoka. Hapa Tanga sijui nani wa kuniuzia. Za ndani tutazipasha vilevile.

Jumamosi, 22 Julai

Upepo wa kusi una unyevu. Bati tulilolisafisha jana jioni, leo asubuhi limeshavaa wekundu. Kuanzia leo ni kipande kwa kipande: kisafishwe, kifutwe kwa tina, kipigwe praima ya epoksi kabla jua halijazama. Kipande kisichoweza kumalizika siku hiyo kisianzwe.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Chini kumekwisha. Boksi la kulia linakatwa lote, na sakafu ya mbele kulia pia. Mchomeleaji anakuja kesho. Kushoto hapaguswi.

Nimemwandikia fundi wa rangi maagizo haya, na nimemsomea: aingize vijiti katika kila tundu kabla ya kupuliza lami mpya, na avitoe ingali mbichi. Lami iwe nyembamba. Ndani ya boksi iingie nta, si lami. Nitayakagua matundu mwenyewe kwa waya kabla sijamlipa.